Siku Nilipoosha Mwani Kama Karoti

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimeshasema hivyo sokoni, nimesema ofisi ya kata, nimesema hata mbele ya daktari aliyetaka kunitisha habari za presha. Mtu aliyeacha shule darasa la nne, akaanza kwa kubeba matenga ya kabichi ya watu kichwani, akafika kuwa na karoti zake mwenyewe, kisha gari la kubebea karoti za wenzake, kisha akauza gari lile wakati kila mtu anamwita mwendawazimu, akanunua pipa la kukamulia majani, mtu huyo ashangazwe na nini tena duniani?

Ukipita barabara ya kwenda Mlalo, ukasikia harufu ya rozimeri kabla hujaona nyumba, ujue umefika kwangu. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza, ugumu uko kwenye kuifanya. Majani yanashindiliwa kwenye pipa, moto unawaka chini, mvuke unapita kwenye bomba lililozamishwa kwenye maji baridi ya mto, na mwisho wa bomba yanadondoka maji na mafuta pamoja. Mafuta yanaelea, unayaengua taratibu. Nakamua rozimeri, mchaichai, mkaratusi. Parachichi naletewa kutoka Mlola, zile zilizopasuka ambazo madalali hawazitaki, nazo nazitoa mafuta. Humo ndimo zinamotoka sabuni zangu na mafuta yangu ya uso. Wageni wanaokuja kutembea milimani wananusa, wanafumba macho, wanafungua pochi.

Watu wa hapa walianza kuniita Zumbe wa Sabuni. Zumbe kwetu Washambaa ni chifu, na wao walikuwa wananicheka. Nikamwita fundi wa rangi, nikamwambia aandike ukutani kwa herufi kubwa: ZUMBE WA SABUNI. Wakaacha kucheka.

Binti yangu wa kwanza ndiye aliyesoma, mpaka akasoma na lile fungu langu nililoliacha darasa la nne. Alikwenda chuo, akapata diploma ya mambo ya maabara, akarudi nyumbani na koti jeupe. Wiki ya kwanza tu alinikuta naonja kipande cha sabuni kwa ncha ya ulimi, maana ndivyo ninavyojua kama kostiki, ile dawa kali ya kugandisha sabuni, imeisha ukali.

"Baba! Unaonja sabuni?"

"Wewe ulidhani naipimaje?"

"Kuna karatasi za kupimia."

"Karatasi inauzwa. Ulimi nilizaliwa nao."

Alicheka mpaka akakaa chini. Basi tukaanza kufanya kazi pamoja. Akaleta mizani ndogo, akaleta glavu, akabandika karatasi kwenye kila chupa. Sabuni ikaacha kupasuka, mafuta ya uso yakaacha kujitenga. Kila mgeni aliyekuja nilimpeleka kwanza kwenye meza ya binti yangu aone lile koti.

Sasa siku moja, mwezi wa saba umeanza, nachochea moto, akaja akasimama upande wa pili wa pipa. Mama yake alikuwa anachambua majani karibu na mlango.

"Baba, kuna kiwanda cha mafuta ya kupaka kule Arusha. Wamenipigia. Wananitaka kwenye maabara yao."

"Waambie umeshapata kazi."

"Wanataka jibu mwisho wa mwezi."

"Jibu si ndilo hilo? Waambie baba yako ana kiwanda."

"Kiwanda ni chako, Baba. Mimi hapa napima vitu ulivyokwisha kuvitunga wewe."

Nikataka kupaza sauti. Mama watoto akanyanyua kichwa, akasema, "Mwache mtoto amalize." Nikasukuma kuni ndani.

Ndipo akaeleza. Alitaka kutunga sabuni ya mwani. Mwani ni yale majani ya baharini ambayo akina mama wa pwani wanayafunga kwenye kamba na kuyalima majini. Ukiuchemsha mwani mkavu unatoa ute mzito, na ute ule ukiingia kwenye sabuni unaacha ngozi laini, haikakamai hata kwenye baridi yetu hii ya kuchana midomo. Sabuni ya rozimeri wanayo wengi milimani, alisema, lakini ya mwani huku juu hana mtu. Na kulikuwa na mama mmoja mwenye maduka ya vitu vya asili, Moshi na Tanga, aliyekwisha kuahidi kuja kututembelea kabla mwezi haujaisha.

"Akiichukua sabuni yangu ya mwani, nabaki, Baba. Nitakuwa nina kitu changu hapa. Asipoichukua, nitakwenda Arusha, na usinikasirikie."

"Mwani unapatikana wapi?"

"Tanga, vijiji vya pwani."

"Niachie mimi."

Toka pale sikutulia. Nikikaa nasimama. Nikisimama naenda mpaka barabarani, narudi, nahamisha ndoo kutoka hapa kwenda pale, kesho naihamisha tena. Mama watoto akaniuliza kama nina minyoo. Nikamwambia mtu mwenye miradi hawezi kukaa kama gogo. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naiona ile meza yenye mizani haina mtu, na kila nikiiona naondoka kwenda kutafuta cha kufanya.

Nikashuka Tanga mwenyewe, nikatafuta kijiji chenye mwani. Nikamkuta mama mmoja mtu mzima amekaa na wenzake kando ya chanja, mwani umeanikwa juu yake umejikunja kama nyuzi za katani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mgosi wa milimani. Umeshuka na baridi yako?"

"Nimeiacha kwa mke wangu."

Wakaangua kicheko wote. Akaniuliza mwani nautaka wa kula au wa kupaka. Nikasema wa kupaka. Akapiga gunia moja kofi, vumbi la chumvi likaruka.

"Basi usiuonyeshe maji mpaka saa ya kuupika. Huu tumeukausha sisi na jua letu. Ukiulowesha tena, utaulea kama mtoto mchanga."

"Mama, mimi nimeosha karoti zilizolisha Dar es Salaam nzima. Nitashindwa na majani?"

"Haya, bwana karoti," akasema, na wenzake wakaanza kuniita hivyo hivyo mpaka naondoka na magunia yangu mawili.

Nilifika nyumbani binti yangu ameshuka Korogwe kutafuta vibao vya kumiminia sabuni. Akanipigia simu.

"Umefika, Baba? Usiuguse. Nakuja."

"Nani auguse?"

Nikafungua gunia. Mchanga! Vipande vya kamba! Na chumvi nyeupe imeganda kila mahali kama ukoga. Nikafunga. Nikazunguka nyumba. Nikafungua tena. Nataka mnielewe, mimi ni mtu wa Lushoto. Kwetu hakuna kitu kinachokwenda kwa mteja na uchafu wake. Karoti ikitoka shambani inamwagwa mtoni, mahali palipozibwa kwa mawe, watu wanaingia na miguu wanaikanyaga mpaka maji yanageuka tope, halafu yanatakata, na karoti inabaki inang'aa kama imepakwa rangi. Ukifika sokoni na karoti yenye udongo, dalali hakutazami hata usoni. Sasa binti yangu aje akute mali ya mradi wake iko na mchanga, na baba yake yupo, ana miguu miwili?

Nikawaita wanawake wawili wanaoniosheaga karoti. Tukaumwaga mwani mtoni, wakapandisha kanga, wakaingia.

"Zumbe, hii mboga gani? Inateleza kama kambale!"

"Mboga ya uso hiyo."

"Ya uso? Basi leo nanawa nayo, mume wangu ahame kwa yule mwingine."

"Utahitaji gunia zima," akasema mwenzake, na wakamwagiana maji.

Wakakanyaga, mimi natoa kamba na makombe. Mchanga wote ukaondoka. Halafu nikafanya kama tunavyofanya kwa karoti zinazongoja gari, nikaujaza kwenye magunia mawili ya karoti, nikayafunga mdomo, nikayalaza mtoni hadi asubuhi ili mwani usinyauke.

Asubuhi nikakuta muujiza. Magunia yamevimba yanataka kupasuka. Nilipoyafungua mwani ulitoka kama ugali unaofurika sufuria, mnene, unang'aa. Nikatafuta gunia jingine, halafu jingine. Mawili ya Tanga yakawa sita ya Lushoto! Nimebeba lumbesa za watu miaka mingi, yale magunia yanayojazwa mpaka juu yanavishwa kofia ya wavu, lakini lumbesa inayojijaza yenyewe sikuwahi kuiona. Nikasimama barabarani. Kila aliyepita nilimwonyesha.

Jirani yangu mwenye ng'ombe wa maziwa akapita na mzigo wa majani.

"Onga makeo," akanisalimu.

"Tiwedi. Njoo uone akili. Nimenunua mawili, yamekuwa sita."

Akayatazama. "Basi rudi Tanga ukanunue mia, ufunge kazi."

"Wivu utakumaliza."

"Haya, Zumbe," akasema, akaenda zake, na mimi nikatandika maturubai uani nikaanika.

Ukungu ukashuka.

Asiyekaa kwetu mwezi wa saba hawezi kuelewa. Ukungu unaingia kama moshi, unakaa juu ya mahindi, juu ya bati, ndani ya blanketi. Jua unalisikia liko mahali fulani, linapita zake. Nikageuza mwani. Nikaugeuza tena. Nikauhamishia juu ya bati, nikaushusha. Nikaona mwanga upande wa pili wa bonde, nikabeba turubai na vijana wawili mpaka kule, tulipofika mwanga umehamia tulikotoka. Mwani ukaanza kuwa mweupe, halafu laini, halafu ukishika kipande kinabaki kwenye vidole kama kamasi. Harufu sitaisema.

Binti yangu akarudi akiwa na boksi la vibao kichwani. Akasimama ukingoni mwa turubai.

"Baba, hiki ni nini?"

"Mwani wako. Nimekusafishia. Na umeongezeka."

Hakutua boksi. Akainama tu, akachukua uzi mmoja, ukakatika.

"Mwani umelala kwenye maji?"

"Usiku mmoja. Kama karoti."

"Ute wote umekwenda na mto," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ute ndio nilioutaka, Baba. Hii iliyobaki ni ngozi yake."

"Nitashuka Tanga kesho. Nitaleta mwingine."

Nikapiga simu hapo hapo kwa yule mama wa pwani, nikaiweka sauti ya juu ili binti yangu asikie kwamba baba yake hashindwi.

"Bwana karoti! Salama?"

"Salama, mama. Nataka magunia mengine."

"Umeuosha?"

"Kidogo."

Nikasikia anawasimulia wenzake, na kicheko chao kikanifikia mpaka huku juu. Alipomaliza akasema mwani hana, wa kijiji chote umekwisha kuchukuliwa. Lazima kungoja bamvua nyingine, maji yakitoka mbali waweze kuvuna, halafu kuukausha. Hapo mwezi utakuwa umeshageuka.

Binti yangu akatua boksi, akaingia ndani.

Mimi nikakodi pikapu. Kama jua haliji Lushoto, nitalifuata liliko. Nikapakia magunia yote sita, nikashuka nayo kona zote zile mpaka Mombo, kwenye joto la kukaanga yai, nikaanika kwenye uwanja wa mtu karibu na mkonge. Mwuza soda akaniuliza kama nimekuja kutega inzi. Nikatembea kuzunguka turubai, nikatembea, kofia kichwani. Ulikauka, tena haraka! Jioni nikaanza kuujaza. Gunia la kwanza halikujaa. Nikauongeza wa pili, wa tatu, nikashindilia kwa mkono. Magunia sita yaliingia kwenye mfuko mmoja wa sukari, na mdomo ukafungika vizuri.

Nilimpa binti yangu ule mfuko. Akaupokea, akasema, "Ahsante, Baba, umehangaika." Ni afadhali angenitukana.

Mabaki yaliyooza niliyoyaacha uani nikampelekea jirani, nikamwambia ng'ombe wanapenda chumvi ya baharini. Ng'ombe akanusa, akageuza kichwa. Kisha akaona begani kwangu magunia matupu yale ya Tanga, yaliyobaki na chumvi yake kwenye mishono, akayalamba mpaka akayatoboa. Jirani akasema, "Huyu naye ana diploma." Nikaokota magunia yangu, nikarudi nyumbani.

Hata hivyo binti yangu aliitunga sabuni yake. Alisaga ule mwani mwepesi kama karatasi, akaupika, akapima, akaandika, akapika tena. Nilisimama mlangoni nikijifanya natafuta koleo. Sabuni ilitoka nzuri kwa macho, rangi ya siagi mpya. Nikaionja kwa ulimi, kwa siri. Kostiki ilikuwa imeisha kabisa.

Mama wa maduka akaja. Mtu mzima, mpole, vidole vyake havina haraka. Binti yangu alivaa lile koti. Mama wa watu akanawa kwa sabuni ya mwani, akasugua kiganja kwa kiganja, akangoja kikauke.

"Mwani umo humu?"

"Umo, mama."

"Siusikii, mwanangu. Nimeshanunua za mwani Unguja, ule utelezi wake naujua. Hii ni sabuni nzuri, lakini ni sabuni tu."

"Mwani wenyewe uliharibika kidogo," akasema binti yangu. Hakunitazama. Hakusema nani aliuharibu. "Nikipata mwingine itakuwa nyingine."

"Ukipata, nipigie." Halafu akanigeukia mimi, akashika sabuni yangu ya rozimeri. "Hii lakini, baba, ninaitaka. Kwa maduka yote. Kila mwezi."

Kila mwezi! Nilimpa mkono, nikamwonyesha pipa, nikamwonyesha maandishi ukutani, nikamsindikiza mpaka gari lake. Nilirudi natembea kwa upana. Binti yangu alikuwa anavua koti.

"Umeona?" nikamwambia. "Kazi imejaa. Nitaongeza pipa la pili. Wewe ndiye meneja."

"Meneja wa rozimeri."

"Rozimeri ina ubaya gani? Ndiyo iliyokusomesha."

"Haina ubaya, Baba. Ni yako."

"Bamvua ijayo nashuka Tanga. Sitaugusa. Nitaubeba kama yai."

"Arusha hawangoji bamvua."

"Kwani tuliandikiana?"

Mama yake akasema kwa Kishambaa, kwa ile sauti anayotumia mambo yakishakwisha, kwamba mtu alishasema sharti lake mbele ya pipa na mimi nilikuwepo. Binti yangu akatoka, akaenda pale kwenye mti wa mkaratusi unapopatikana mtandao. Nilimwona mgongo tu. Nilimsikia akisema "ndiyo", halafu "ndiyo" tena, halafu "nitafika". Nikachukua ndoo, nikaihamisha.

Wanaosema niliharibu kusudi ili abaki, wanisikilize vizuri: mimi sijawahi kuharibu mali kusudi. Niliosha. Kwetu kitu kinaoshwa. Na ningekuwa sikuosha, nani ajuaye, labda mama wa maduka angekataa kwa sababu nyingine. Hayo nimeyasema kwa mama watoto mara nyingi, naye hunijibu kwa kuongeza kuni.

Siku ya safari nilimbebea begi mpaka stendi ya Lushoto mwenyewe, ingawa vijana walinigombea. Alikuwa amefunga mizani yake ndogo ndani ya kanga. Nilimwambia aiache, pale Arusha wana mizani kubwa. Akasema hii ameizoea. Ukungu ulikuwa umekaa stendi nzima, taa za basi zinaonekana kama mayai.

Kondakta akataja nauli, akatazama begi, akataja bei ya mzigo. Binti yangu akarudi nyuma hatua moja, akanipisha, maana anajua. Tangu nikiwa mbeba matenga sijawahi kulipa bei ya kwanza ya mtu yeyote. Hata mahari ya mama yake niliishusha. Yule kondakta naye alikwisha kujiweka sawa kwa mabishano. Nikatoa hela nikampa.

"Baba, hujaomba hata apunguze?"

"Hapa kelele nyingi."

"Unaumwa?"

"Panda, utakosa dirisha."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Baba. Hongea." Ndiyo ahsante ya kwetu hiyo. Nikaitikia marahaba, nikamnunulia maji, nikampitishia dirishani. Basi likatoka, nikabaki natembea huku na huku pale stendi mpaka mwuza mahindi akaniuliza nimepoteza nini.

Magunia ya Tanga, pikapu ya Mombo, ujira wa wale wanawake wawili, hayo yote rozimeri iliyarudisha mapema, wala siyahesabu. Kilichonitoka ni hiki: nauli ya Lushoto hadi Arusha elfu ishirini na mbili, mzigo elfu tatu, maji mia tano. Shilingi elfu ishirini na tano na mia tano.